Nyumba Isiyo na Fundo

Uzi ukikatika katika nyumba ya kuhani wa Jupita, mungu mkuu wa Roma, haufungwi fundo. Unachambua zile ncha mbili, unailaza moja juu ya nyingine, unazilowesha kwa mate, kisha unazisokota taratibu kwa vidole mpaka zikubali kuwa kitu kimoja. Ni kazi ya subira. Fundo lingekwisha kufumba na kufumbua, lakini fundo haliingii katika nyumba ile. Haliingii kwenye joho la kuhani, wala kwenye mkanda wake, wala kwenye kofia yake ndefu ya ncha. Mtu wa Jupita hafungwi na kitu, wala hatazami kilichofungwa.

Vibidia aliyajua hayo kama alivyojua viganja vyake. Miaka kumi na tisa alikuwa anasokota sufu pale, penye ua wa ndani, kando ya hodhi la maji ya mvua, chini ya tundu la paa. Joho la kuhani hufumwa na mke wake kwa mikono yake mwenyewe, hiyo ni sheria. Lakini hakuna sheria iliyokataza uzi kusokotwa na mjane mwenye vidole vyepesi, na Papiria, mke wa kuhani, alimpenda mjane huyo tangu siku za arusi yake, alipokuwa binti mdogo anayelia kwa kukumbuka kwao. Vibidia hakumuuliza analilia nini. Alimsogezea kikapu cha sufu, akamwambia, "Chambua hii, mwanangu. Mikono ikiwa na kazi, macho hupumzika."

Papiria hakuisahau siku ile.

Basi asubuhi moja, mwezi zabibu zinapoanza kuiva, siku moja kabla ya ile siku ya katikati ya mwezi ambayo ni ya Jupita, uzi wa Vibidia ulikatika mara tatu.

"Mama Vibidia," Papiria alisema, "sijawahi kuona uzi ukikukatikia mara tatu. Una nini?"

Vibidia akaweka kijiti chake cha kusokotea mapajani. Alikuwa amekusudia kunyamaza, maana kila nyumba ina msiba wake na si vizuri kuubeba wako hadi kwa watu. Lakini yule alikuwa amemuuliza, tena amemuuliza kwa upole.

"Ni Mamerko, bibi. Mwanangu. Wamemhukumu leo alfajiri."

Mamerko alikuwa fundi wa vigae. Hata paa la nyumba ile, kuzunguka tundu la mvua, alilipanga yeye kwa mikono yake, na tangu hapo halikudondosha tone pasipotakiwa. Siku mbili nyuma alikuwa juu ya nyumba ya Akutio, mwenye tanuri la matofali. Aliposhuka, watumishi walipekua mfuko wake wa kazi, na chini ya mkate wakakuta kikombe cha fedha.

"Akasema kapewa na mzee wa nyumba, Mzee Volero, baba yake Akutio," Vibidia alieleza. "Hakimu akaagiza mzee aletwe. Akaletwa. Akatabasamu, akamuuliza hakimu kama mwanakondoo mweupe ameshapita. Basi. Akili yake imekuwa kama chujio, bibi, haishiki kitu. Akutio akacheka mbele ya watu wote, akasema, 'Baba yangu hajui hata alichokula asubuhi.'"

"Na hukumu?"

"Amekamatwa na kitu mkononi. Atachapwa fimbo kabla ya adhuhuri, halafu anakabidhiwa kwa Akutio awe mtumwa wake. Mpaka kufa."

Papiria alichukua ule uzi uliokatika kutoka mapajani mwa Vibidia, akaanza kuunganisha ncha zake polepole.

"Watampitisha wapi?"

"Njia ya chini, ya wauza tini. Hapa hawapiti. Wanajua."

"Kila mtu anajua," Papiria alisema.

Kweli, hakuna mtoto wa Roma asiyejua. Mtu aliyefungwa akiingia katika nyumba ya kuhani wa Jupita, lazima afunguliwe. Na ile minyororo haitoki kwa mlango. Hupandishwa kupitia tundu la paa, ikateremshwa njiani, na mtu yule hachapwi siku hiyo. Ndiyo maana askari wa hakimu hawakupitisha mfungwa mbele ya mlango ule tangu enzi za babu zao. Walizunguka mbali, kama paka anavyozunguka dimbwi.

Papiria aliinuka. "Kalvio!"

Kalvio alikuwa mpiga mbiu wa kuhani. Kazi yake ilikuwa kutangulia njiani na kuwaambia watu waweke kazi chini kuhani apite, kwa sababu kuhani wa Jupita haonyeshwi watu wakihangaika na kazi wakati yeye yuko katika ibada zake. Alikuja anatafuna.

"Naam, bibi."

"Bwana anakwenda kunyolewa leo."

"Bibi, bwana kanyolewa juzi. Nywele nimezizika mwenyewe chini ya mti wa heri, kama sheria yake inavyotaka."

"Kuna unywele mmoja umezidi. Nimeuona."

Kalvio akameza. "Unywele mmoja?"

"Mmoja. Na atapita njia ya wauza tini."

"Ile? Bibi, ile njia ina matope, ina nzi, imejaa mbuz..." Akajiziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu katika nyumba ile yule mnyama hatajwi jina. "Imejaa wale wenye ndevu."

"Basi watakusikia vizuri. Piga mbiu kwa nguvu zako zote, Kalvio. Kama siku ya sikukuu."

Kalvio alimtazama Papiria, kisha akamtazama Vibidia, na macho yake yakakaa juu ya uso wa Vibidia kidogo. Hakuuliza tena. "Leo koo langu ni zima kabisa," alisema, akaenda kunawa mdomo.

Kuhani mwenyewe akatoka chumbani, mtu mrefu, mkimya, amevaa joho lililoshikwa kwa pini na si kwa fundo. Mkewe alimvika kofia. Vibidia aliinama. Alidhani atapita tu, kama alivyopita siku zote, lakini kuhani alisimama.

"Ule mlango wa nyuma," alisema, "bawaba zake zinalia. Uacheni wazi leo, upumue."

Akatoka zake.

Vibidia akachukua kijiti chake na sufu yake, akaenda kuketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, unaotazama kichochoro kinachopanda kutoka njia ya wauza tini. Jua lilikuwa limepanda. Kikapu akakiweka nyuma yake, ndani ya mlango.

Kwa mbali akamsikia Kalvio. Sauti yake ilikuwa kama ya ng'ombe aliyepotelewa na ndama.

"Wekeni kazi chini! Anapita kuhani wa Jupita! Wekeni kazi chini!"

Wauza tini wakaketi juu ya vikapu vyao. Mwokaji akaacha unga. Na chini kabisa ya kichochoro, Vibidia akasikia sauti nyingine mbili, za watu wenye hofu.

"Anakuja huku! Tertulo, anakuja huku!"

"Hawezi kuja huku. Huwa hapiti huku."

"Basi leo anapita! Akimwona huyu na minyororo yake, sisi ndio tutakaolambwa fimbo. Geuza! Ingia hapo, pandisha!"

Wakaingia kichochoroni kwa haraka, askari wawili na Mamerko katikati. Tertulo alikuwa mnene, anahema. Mwenzake, Sekundo, mwembamba kama ufagio, alikuwa ameshika ncha ya mnyororo kama mtu anayevuta ng'ombe mnadani. Walikuwa wageni wa mtaa ule. Mlango mkuu wa kuhani waliujua, nani asiyeujua, lakini mgongo wa nyumba ni mgongo tu, ukuta na mlango kama ya wengine.

Mamerko alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua alimwona mama yake.

Vibidia alikuwa amepanga maneno ya kusema. Aliyapanga njia nzima kutoka kwenye kiti chake mpaka kizingitini. Yakamkauka yote. Hivyo akafanya kile alichokuwa akifanya kila jioni Mamerko alipokuwa akirudi nyumbani na mzigo wa vigae begani: akasogeza magoti pembeni, ampishe.

Mamerko akaingia.

"We! We! Unakwenda wapi?" Tertulo alipiga kelele.

"Kanivuta!" Sekundo alilia, na mnyororo ukamchukua yeye naye, akapita kizingitini kwa kishindo, akaangukia kikapu cha sufu. Tertulo akaruka kumshika mwenzake mguu, na kwa uzito wake akajikuta naye yuko ndani.

Sekundo akajitoa sufu mdomoni. Akalitazama hodhi, akatazama ile sufu nyeupe pe, akatazama madhabahu ndogo ukutani.

"Tertulo," alinong'ona, "hii ni nyumba ya nani?"

"Ya Jupita," Vibidia akajibu. "Karibuni. Mna kiu?"

Tertulo akaketi chini palepale, akashika kichwa. "Mama yangu, mama yangu. Hakimu atanikaanga."

"Hatakukaanga, mwanangu. Mlimkwepa kuhani kwa heshima, kama inavyotakiwa. Kalvio aliwaona, atasema. Na mimi nitasema." Akawachotea maji, mmoja mmoja, kwa kikombe cha udongo, akangoja wamalize. Nao, hata katika hofu yao, walimshukuru. Baadaye Vibidia alikumbuka kwamba Sekundo, kabla ya kunywa, alimnywesha kwanza Mamerko, kwa sababu mikono yake ilikuwa bado imefungwa. Watu si wabaya kama kazi zao.

Papiria akaja. Hakupandisha sauti.

"Mfungueni."

Tertulo akatafuta ufunguo. Pingu zikaachia. Mamerko akajisugua mikono, na Vibidia akaona alama nyekundu zilizomzunguka mikono, akatazama pembeni.

"Sasa juu," Papiria alisema, akaonyesha tundu la paa.

Tertulo akatazama ngazi, kisha tumbo lake. "Bibi, mimi nikipanda hapo, nitashuka na paa lote."

"Na mimi naogopa urefu," Sekundo alisema. "Usicheke, Tertulo."

"Sijacheka."

"Umecheka kwa pua."

Mamerko akanyoosha mkono. "Vigae vile nimevipanga mimi," alisema. "Mwingine akikanyaga atavivunja. Nipeni."

Akaitupia minyororo begani, ile ile iliyokuwa mikononi mwake, akapanda. Vibidia hakuweza kumtazama juu kwa ajili ya jua, hivyo alimtazama majini. Katika hodhi alimwona mwanawe akipanda kuelekea angani, na nyuma yake mnyororo ukining'inia, ukipungua pete moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho ikapita katika tundu na maji yakabaki na mbingu tupu.

Kisha wakausikia mnyororo ukiteremka upande wa njiani. Kwanza mkwaruzo juu ya ukingo wa paa. Halafu mlio mmoja mkubwa juu ya mawe.

Kuhani alikuwa ameshapita. Wauza tini walikuwa wamesimama tena, na waliuona mnyororo ukianguka, wakaelewa mara moja, kwa sababu mambo hayo walikuwa wameyasikia kwa bibi zao na hawakuwahi kuyaona. Ikapigwa kelele moja ya furaha iliyotimua njiwa wote wa kilima cha Palatino. Mamerko alikuwa amesimama juu ya paa mikono wazi, mtu wa Roma, hana kitu mwilini ila kanzu yake. "Jupita!" walikuwa wanaita chini. "Jupita! Jupita!"

Vibidia alilia kidogo, kwenye sufu, ambako machozi hayaonekani.

Lakini yeye alikuwa mwanamke mzima, akajua kwamba nusu ya kazi bado. Tertulo alimwambia mwenyewe, mlangoni, kwa aibu: "Mama, leo hachapwi. Kesho ni siku ya Jupita, hakuna hukumu. Ila keshokutwa asubuhi lazima arudi kwa hakimu. Hukumu iko palepale."

"Nitarudi," Mamerko alisema. "Sijaiba. Sikimbii."

Siku moja. Vibidia aliipokea kama mtu anavyopokea ncha ya uzi.

Kesho yake asubuhi alichukua tini sita kwenye kitambaa, akaenda mpaka nyumba ya Akutio, kwenye Njia Takatifu. Kila siku ya Jupita, mwanakondoo mweupe huongozwa katika njia ile mpaka hekaluni, juu ya kilima cha Kapitolio, kuhani akiwa nyuma yake. Na kila siku ya Jupita, Mzee Volero hutolewa nje na kiti chake akamngoja mwanakondoo. Mji mzima ulikuwa umezoea kumwona.

Akaketi chini kando yake, akampa tini.

"Mwanakondoo ameshapita?" mzee aliuliza.

"Bado, mzee."

Akala. Alikuwa na mikono mizuri, ya mtu aliyewahi kufanya kazi. Baada ya kitambo akauliza, "Mwanakondoo ameshapita?"

"Bado, mzee. Tutamwona pamoja."

Akauliza mara ya tatu, na ya sita, na ya kumi na moja. Vibidia alimjibu kila mara kama ndiyo mara ya kwanza. Habari za kikombe hakuzigusa. Ukivuta uzi mbovu, unakatikia mkononi.

Akutio akatoka amevaa nguo za sikukuu. "Wewe si mama yake yule mwizi? Unataka nini mlangoni kwangu?"

"Nimemletea mzee tini, bwana."

"Mpe, uondoke," Akutio alisema. Lakini aliona kamba ya kiatu cha baba yake imelegea, akapiga goti katika nguo zake nyeupe, akaikaza, akamfuta mzee maji ya tini kidevuni. Vibidia aliliona na hilo, akaliweka moyoni, maana haki ni haki hata kwa adui. Kisha Akutio akaenda kusimama na wakubwa wenzake upande wa pili wa njia.

Jua likawa kali. Vibidia akachota maji kwenye mtungi wa mlangoni, kwa kikombe cha udongo kilichokuwa juu yake, akampa mzee. Mzee akakitazama, akakisukuma.

"Hiki si changu. Changu kina mzabibu ubavuni."

Vibidia akakiweka chini kikombe kile. "Kiko wapi hicho cha mzabibu, mzee?"

"Nimempa yule kijana."

"Kijana yupi?"

"Yule wa juu ya paa." Mzee akamsogelea, kama mtu mwenye siri. "Usiku ikinyesha, kitanda changu kinalowa. Mwanangu anasema nimejikojolea. Watumishi wanacheka. Nikawaambia hapana, ni mvua. Hakuna aliyeniamini. Nikamwambia yule kijana. Akapanda akatazama, akaniita kule juu: 'Mzee, umesema kweli! Kigae kimepasuka!' Mbele ya wote. Nikampa kikombe. Nikakificha chini ya mkate wake, wasije wakamnyang'anya."

Vibidia akamshika mkono.

Na hapo Kalvio akasikika akija. "Wekeni kazi chini!" Watu wakajipanga. Mwanakondoo akatokea, mweupe kama povu la maziwa, na nyuma yake kuhani na kofia yake ndefu, na Papiria. Mzee Volero akainuka kitini, uso wote umewaka.

"Lo!" akapaza sauti. "Mbuzi mzuri kweli!"

Watu wakashika midomo. Kalvio alisimama kama aliyepigwa na radi. Neno lile, mbele ya kuhani, siku ile! Hakujua kama waendelee ama warudi mwanzo kabisa. Msafara wote ukasimama. Mdomo wa kuhani ulitikisika pembeni, kidogo sana, na yeye hakusogeza mguu.

Vibidia akaelewa kwamba kuhani amempisha aseme.

"Mzee," alisema, kwa sauti ya kusikika na watu, "waambie. Kikombe chako cha mzabibu ulimpa nani?"

Mzee akamgeukia. Macho yake yalikuwa matupu kama vyombo vilivyooshwa. "Kikombe gani?"

Upande wa pili Akutio akacheka. "Mnaona? Mnaona mambo ya kumchezea baba mgonjwa?"

Baadhi ya watu wakaanza kuguna. Vibidia aliwaona kwa mbali Mamerko na wale askari wawili, wamesimama pamoja, na Mamerko alikuwa amefumba macho. Vibidia hakurudia swali. Akatafuta ncha nyingine.

"Mvua ilikuwa inaingilia wapi, mzee?"

"Kitandani kwangu!" mzee akadakia. "Wakasema nimejikojolea! Uongo! Kigae kilipasuka, na yule kijana akaniamini, peke yake katika nyumba nzima akaniamini, nikampa kikombe changu chenye mzabibu, nikakificha chini ya mkate!" Akanyoosha kidole juu ya vichwa vya watu. "Yule! Yule pale! Kijana, umekinywea?"

"Bado, mzee," Mamerko akajibu.

Akutio akavuka njia, amekuwa mwekundu. "Baba, nyamaza. Huwezi kugawa kile kikombe. Kile ni changu. Ni cha nyumba yangu!"

Mzee Volero akanyooka, akawa mrefu kuliko mwanawe. Huenda hakukumbuka alichokula asubuhi, lakini jambo hili alilijua tangu alipokuwa mtoto, lilikuwa chini zaidi ya kumbukumbu.

"Nyumba ya nani?" aliuliza. "Kwani mimi nimekufa?"

Akutio akarudi hatua moja nyuma.

"Nimekufa lini? Mbona sikualikwa mazishini?"

Kicheko kilianzia kwa Tertulo, tena si kwa pua. Kikawafikia wauza tini, kikapanda ngazi za nyumba, kikawashika hata wale wakubwa. Maana nani Roma asiyejua sheria hiyo? Baba akiwa hai, mwana hana chake, awe na mvi, awe na tanuri la matofali, hana hata kamba ya kiatu. Kila kitu ni cha baba. Hakimu aliisahau, Akutio aliisahau, mji mzima uliisahau, kwa sababu walikuwa wameshazoea kumwona yule mzee kama kiti kinachotolewa nje na kurudishwa ndani. Kikombe kilikuwa chake. Alimpa aliyemtaka. Na aliyepewa si mwizi.

Akutio akasema, lakini safari hii taratibu, "Ni maneno ya mgonjwa. Nani atakayeyasimamia kwa hakimu?"

Kuhani wa Jupita huwa haapishwi. Wengine wote husimama mbele ya hakimu wakashika jiwe la kiapo, yeye hapana. Neno lake hupokelewa likiwa tupu.

"Nimesikia," kuhani alisema.

Hakuongeza lingine, na halikuhitajika.

Zile kelele za jana juu ya Palatino zilikuwa mnong'ono mbele ya hizi. Mamerko akapita katikati ya watu, wakimpiga mgongoni, mwokaji akimbusu kichwani na kumwachia unga. Alipofika kwa mama yake alipiga goti, naye akamshika uso kwa mikono miwili kama alivyomshika siku alipozaliwa.

"Mwanakondoo ameshapita?" Mzee Volero aliuliza.

"Yuko hapa, mzee, amekungoja," Mamerko alisema. "Ulishafika kule juu hekaluni?"

"Zamani. Miguu haitaki tena."

Mamerko akamgeuzia mgongo, akachuchumaa. "Panda. Nimezoea kubeba vigae."

Hivyo ndivyo walivyopanda Kapitolio siku ile: mbele mwanakondoo mweupe, halafu kuhani, halafu fundi wa vigae na mzee mgongoni akiwapungia watu mkono kama jemadari aliyerudi na ushindi, na nyuma yao nusu ya Roma ikiimba. Sekundo alimshika Vibidia mkono penye ngazi, naye alimkubalia, ingawa ngazi alikuwa anaziweza. Juu kabisa, mbele ya Jupita aliyeketi na radi yake mkononi, mzee alitazama dari muda mrefu.

"Hili halivuji?" alimuuliza Mamerko sikioni, kwa wasiwasi.

"Halivuji, mzee."

"Vizuri. Maana Jupita akisema linavuja, wasije wakambishia."

Asubuhi ya pili hakimu alifuta hukumu kabla jua halijapita ukingo wa soko. Akutio alikuja mwenyewe, hana nguo za sikukuu, akamkabidhi Mamerko kikombe mkononi. Alisimama kidogo. "Kile kigae," akasema, "umekitengeneza?"

"Nilikitengeneza kwanza, kabla ya kushuka," Mamerko akajibu.

Akutio akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, akaenda zake nyumbani kwa baba yake.

Tangu hapo, kila siku ya Jupita, Mamerko huvaa kanzu safi akaenda kumchukua mzee. Kila mara mzee humwuliza yeye ni nani, na kila mara Mamerko humwambia, "Fundi wa paa." Mzee humtazama, akamtazama, mpaka kitu kimuwakie machoni.

"Ah!" husema. "Wewe uliyeniamini!"

Na huyo anapanda mgongoni.